Pasaka Niliyopanda Jiwe Bila Pumzi

Tinde, Jumapili ya Pasaka, alasiri

Mawingu yamekaa juu ya majaruba ya mpunga tangu mchana na hayataki kunyesha wala kuondoka. Joto zito. Kifua changu nacho ni hivyo hivyo, kimefunga tu.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, mito mgongoni, maana nikilala chali nazama. Siku hizi kidole gumba ndicho kinachoongea. Mdomo umestaafu. Binti yangu Pendo ndiye aliyenifungulia blogu hii kabla hajarudi Mwanza. Alisema, "Baba, hadithi zako ziweke humu zisipotee." Alikuwa na maana yake, hakuisema, nami sikumuuliza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Luhende. Wapwa zangu wananiita Mjomba Spika. Shule niliishia darasa la nne, na siyo kwamba akili haikuwepo. Mwalimu alisema nikijibu swali darasani kwangu wanasikia mpaka darasa la saba, nawavurugia mitihani wenzangu, afadhali nikachunge. Hiyo ni kweli tupu.

Waliokuwa nami machimboni Nyarugusu, kule Geita, wanajua. Kamba ikikwama kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hawakushusha mtu kwenda kuwaambia walioko chini. Walisema mwiteni Luhende. Mimi nakaa zangu juu nakula muhogo, naongea na watu walioko tumboni mwa dunia, tunaelewana. Na Pasaka moja nilipaza sauti hapa hapa Tinde, dereva wa treni kule stesheni ya Shinyanga akafunga breki akidhani kuna treni nyingine inamjia mbele. Wapo wanaobisha. Wabishe. Yule dereva alihamishwa, la sivyo ningewaletea mwenyewe aseme.

Sasa huo ukelele wa Pasaka ndio habari ya leo.

Kanisa letu halina kengele. Lina jiwe. Jiwe kubwa, limekaa nyuma ya kanisa kama tembo aliyechoka. Tangu enzi za mwinjilisti wa kwanza utaratibu ni mmoja: Jumamosi jioni, wakishamaliza kupika, waumini wote wanazima moto. Wanamwagia maji kabisa. Hakuna mama atakayewasha jiko, hata kwa chai ya mgonjwa, mpaka alfajiri ya Pasaka mtu apande lile jiwe na kupaza neno moja: Amefufuka. Wakilisikia wanajibu humo humo ndani walimolala, "Amefufuka kweli kweli," ndipo kiberiti kinapigwa. Ukiwa umesimama pale juu unauona moshi unapanda nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kitongoji kizima kinanukia chai.

Mzee aliyekuwa akipaza sauti alipofariki nikapewa mimi, nikiwa kijana bado. Hata nilipokuwa Geita nikichimba, Pasaka nilikuwa narudi. Niliwahi kuacha duara lililokuwa limeanza kutema dhahabu, nikapanda lori la mkaa, nikafika alfajiri mweusi kama sufuria, nikaenda moja kwa moja juu ya jiwe.

Ndiyo kazi pekee ambayo Mungu aliwahi kunipa. Nyingine zote nilijipa mwenyewe.

Halafu pumzi ikaanza kuisha.

Ni vumbi. Nimesimama miaka na miaka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yanasagwa makavu, maana ukiyalowesha unga unaganda ndani ya mashine na tajiri anafoka. Jioni tulikuwa tunatoka weupe kuanzia kope mpaka kucha. Watoto wakituita Wazungu wa Nyarugusu, tunaitikia, tunatembea kwa maringo. Kumbe unga ule haukuishia kwenye ngozi.

Walianza kunitibu kifua kikuu. Kikohozi hakikusikia dawa. Mwisho daktari mmoja mjini Shinyanga akainua picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia haya mapafu yamejaa vumbi la mawe, yamekuwa magumu, na hayarudi. Nikamwambia basi daktari pima vizuri, huenda humo mna dhahabu. Hakucheka.

Ndipo nikajua.

Sitaficha kitu hapa, shajara ni ya nini basi. Nimeomba. Kwaresima yote nimeomba. Watu wa kanisa wamekuja wameniwekea mikono kifuani. Mama mmoja alifunga kwa ajili yangu mpaka mimi mgonjwa nikaanza kumwonea huruma yeye. Hakuna kilichobadilika. Kila nikiamka pumzi ni fupi kuliko ya jana. Namuuliza Mungu, Wewe uliyempulizia Adamu pumzi puani akiwa udongo mtupu, kwangu unashindwa nini? Hajibu. Kimya chake nimekizoea sasa kama unavyozoea jirani asiyesalimia.

Tumaini la kupona sina. Nimeliandika. Basi.

Alhamisi wazee wa kanisa walikuja kuniona. Mzee Shija, ambaye ndiye mkubwa wao, alizunguka sana. Aliuliza habari za mvua, akauliza habari za ng'ombe ambao anajua niliwauza, mwisho akafika. Alisema mwaka huu wameonelea mwalimu wa kwaya, Daudi, apande yeye, tena ana spika ya betri, neno litafika mbali. Akasema hawaninyang'anyi, wananipumzisha.

Nikatikisa kichwa. Hapana. Akarudia kwa maneno mengine, nikatikisa tena. Wakasali, wakaondoka.

Mke wangu, Mama Pendo, alisubiri wapite kwenye uzio.

"Baba Pendo, utakufia juu ya lile jiwe. Nitawaambia nini watoto?"

"Waambie... nilikuwa... kazini."

Akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu na maharage yakaungua, kitu ambacho katika ndoa yetu sijawahi kukiona.

Walidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sitadanganya, siwezi kugeuka mtu mwingine kwa siku moja eti kwa sababu naumwa. Lakini chini yake kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeweka mtego. Nilijiambia hivi: Yeye akitaka neno lake litoke, atanipa pumzi ya neno moja. Siombi kupona tena. Neno moja tu, lisilo hata langu, lake Yeye. Akinipa, nitajua yupo na ananiona. Asiponipa, nimepata jibu langu, nitageukia ukutani ningoje.

Ndivyo nilivyoingia Pasaka.

Jumamosi akaja Kobelo. Huyu ni Mluguru, tumesaga mawe naye Nyarugusu, yeye upande ule wa karasha, mimi upande huu. Waluguru na sisi Wasukuma ni watani, na mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko msibani. Marehemu akilala, mtani anamwigiza, anavaa kofia yake, analala kwenye mkeka wake, anadai alipwe ndipo kaburi lifukiwe, na hakuna wa kukasirika. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni nilijua habari zangu zimefika Geita.

Hakubisha hodi. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akaanza kuupima kwa mikono.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "jeneza halitapita hapa. Huyu bwana mwenyewe amekonda, lakini uongo wake ni mnene. Tutavunja ukuta."

Nikamwambia, kwa vipande vipande, kwamba Mluguru akionekana mahali amefuata chakula.

"Chakula gani kwenu? Michembe? Nyie viazi vibichi vimewashinda mpaka mvikaushe kwanza. Nimekuja na magimbi yangu, na sikupi."

Nilimwomba aniigize. Nilisema, siku yenyewe mimi sitakuwepo kusikia, acha nisikie leo nione kama unaiweza kazi. Akajifunga blanketi langu, akatunisha kifua, akaanza hadithi ya treni. Lakini aliisimulia kwa pumzi yangu ya sasa. Tre... ni... i... ka... Kila silabi anashika kitanda. Mama Pendo alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha nikaona anajifuta macho kwa kanga na siyo kwa kucheka tena. Kobelo akaingia kwenye kikohozi changu, akakipata sawasawa, kile cha kuanzia chini. Akakohoa, akakohoa. Halafu akawa hawezi kukiacha.

Kilikuwa chake.

Tulitazamana. Akavua blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni pangu.

Nilipomwambia habari ya jiwe nilitegemea atanisema mpaka kesho. Alisema tu, "Nitakupeleka. Nikikataa utaenda kunisengenya mbinguni."

Leo alfajiri alinipakia kwenye baiskeli, akaisukuma. Mama Pendo alisema haji kuangalia mtu anajiua. Lakini sweta alinivisha yeye, vifungo akanifunga yeye mpaka cha juu. Jikoni kwetu majivu yalikuwa baridi kama kwa watu wengine wote.

Jiwe lile nilizoea kulipanda kwa kukimbia. Zamani nilikuwa napanda na mtu mgongoni, kwa mchezo tu. Leo nililipanda kwa makalio, nimeligeuzia mgongo, najisukuma kwa visigino, Kobelo yuko juu yangu ananivuta kwapani. Tunapumzika. Tunapanda. "Panda, gunia la pumba," ananiambia, naye anahema kama mimi. Nilikuwa naliona kanisa linashuka taratibu mbele yangu, mabati yake, msalaba wake wa mbao uliopinda upande mmoja.

Tukafika.

Mwanga ulikuwa wa kijivu bado. Niliviona vipaa vyote vya kitongoji na hakuna hata kimoja chenye moshi. Kulikuwa kimya, na kimya cha watu waliolala na kimya cha watu wanaosikiliza ni vitu viwili, mimi nakijua kila kimoja. Walikuwa macho. Kina mama wameshika viberiti. Walikuwa wananisubiri.

Nilisimama, Kobelo amenishika mkanda wa suruali kwa nyuma. Nikavuta pumzi yote iliyokuwepo Tinde. Nikafungua mdomo.

Kilichotoka ni kikohozi.

Nilikohoa mpaka nikapiga magoti. Nikasimama tena, nikajaribu, ikatoka sauti ya tairi la baiskeli lililotoboka. Nikajaribu tena, ikawa midomo inacheza tu, hewa hamna. Nikasema moyoni, sasa. Nimefika mpaka hapa. Neno moja. Lako. Sasa.

Hakunipa.

Nilikaa chini. Nikamvuta Kobelo sikio, nikamnong'oneza, paza sauti wewe. Akafanya ishara ya msalaba, akajipanga, akatoa kitu kama jogoo anayejifunza kuwika, kikakatikia njiani, kisha naye kikohozi kikamkamata. Tukawa tunakohoa wote wawili, wazee wa karasha juu ya jiwe, huyu anamwachia huyu. Kilipotulia aliniambia, "Msukuma, sisi tumekwisha."

Hakukuwa na utani ndani yake. Nimewahi kusikia maneno mabaya, ya daktari yakiwemo, lakini mtani wangu kuongea na mimi bila utani kuliniogopesha kuliko yote.

Kukaanza kupambazuka. Nikawaza sasa hivi Daudi atakuja na spika yake, na atakuwa na haki. Nikawaza nimepata jibu langu. Naandika kama ilivyokuwa, anayeniona mpagani anione. Asubuhi ya Pasaka, juu ya jiwe la kutangazia ufufuo, mimi Luhende sikuamini kitu chochote kabisa. Nilikuwa mtu mgonjwa amekaa kwenye jiwe la baridi.

Kobelo ndiye aliyeuona kwanza. Alinipiga bega, akaonyesha kwa kidevu.

Moshi. Mwembamba, unatoka jikoni kwa Bibi Nkwimba, nyumba iliyo karibu kabisa na jiwe. Ukapanda, ukayumba, ukanyooka. Tukautazama. Baada ya muda ukatoka mwingine nyumba ya pili yake. Kisha ng'ambo ya njia. Kisha kwa Mzee Shija. Mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaoamshana kwa kuguswa, mpaka nyumba za mwisho huko kwenye majaruba, nyumba ya Daudi ikiwemo. Hakuna mtu aliyesikia neno. Nasema kweli, neno halikutoka.

"Nani amewaambia?" Kobelo akauliza.

Tuliposhuka tulipitia kwa Bibi Nkwimba. Alikuwa mlangoni pa jiko anapuliza kuni, machozi ya moshi yanamtoka. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," kisha nikamuuliza kwa nini amewasha moto na mimi sijasema. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchana kuna jua.

"Nilikusikia unakohoa. Kikohozi chako nani hakijui hapa? Nikasema Luhende amepanda. Na kama amepanda, basi Bwana amefufuka. Nikaitikia, nikawasha. Ulitaka nisubiri nini?"

Jirani yake alipoona moshi akajua neno limesemwa, akaitikia kuelekea ukutani, akawasha. Ikaenda hivyo.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sijapona. Jiwe limechukua hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki, na kucha zangu tangu mchana zina rangi nisiyoipenda. Mama Pendo ananipepea kwa mfuniko wa ndoo na haongei. Kobelo amelala kwenye mkeka, anakohoa usingizini, nami nakisikiliza kile kikohozi na najua kimefika wapi, maana njia hiyo nimeipita. Hakuna muujiza uliotokea hapa. Mtu akitaka kwenda kuitolea ushuhuda kanisani, mwambieni Luhende amekataa.

Tena naona ajabu moja. Hii ndiyo hadithi ambayo ningeweza kuinenepesha kuliko zote. Ningesema moshi uliandika jina la Yesu angani, ningesema jiwe lilitetemeka. Haukuandika. Halikutetemeka. Ulikuwa moshi wa kuni mbichi, na mimi nilikuwa nimeloa jasho la baridi. Sina hamu ya kuongeza kitu.

Ila jambo hili nashindwa mahali pa kuliweka. Niliomba pumzi, akaninyima. Mtego wangu ulifyatuka, na kwa haki yote ningekuwa nimegeukia ukutani sasa hivi. Lakini neno lilitoka. Lilitokea kwenye kitu kile kile kinachoniua. Sikukitoa kwa imani, imani sikuwa nayo, nilikuwa nakohoa tu kama mgonjwa yeyote, na watu wakaitikia Amefufuka kweli kweli. Je, hilo ni jibu? Au ni bibi kizee aliyekuwa na njaa ya chai?

Nimemuuliza Mama Pendo, maana ni lazima nimuulize mtu. Ndiyo mara yake ya kwanza kunijibu tangu asubuhi.

"Kwani lazima uchague?"

Kisha akaendelea kunipepea.

Sijui. Mwanangu Pendo, ukisoma hapa ujue baba yako hajui. Naogopa usiku unaokuja, naogopa ule mwingine zaidi. Mwakani mtu mwingine atapanda, na itabidi iwe hivyo.

Kukipambazuka, nikijaliwa, nitamwambia Mama Pendo anisogeze karibu na dirisha na alifungue. Nitavuta pumzi itakayokuwepo. Kitakachotoka, hata kikiwa kikohozi, kitoke kikielekea nje. Huenda kuna mtu bado hajawasha moto.